Aliyelala Topeni

Mwanamke anayebanika samaki pale Majanji, ufukweni mwa ziwa, hukagua kila samaki kwa kidole kimoja: humbonyeza tumbo, kisha hukinusa. Sauti yake ni nzito, na haipandi hata akikasirika. Kiangazi hiki kinamasi kilipokauka, mvuvi mmoja, Laban, alimletea bonge la tope gumu. Ndani alikuwa amejikunja kamongo, samaki mrefu kama nyoka avutaye hewa, mkia umefunika macho, mwili umevikwa utando mkavu wa kahawia. Jembe lilikuwa limemkata ubavuni. "Siku hizi unalima samaki?" mwanamke aliuliza. "Mama, amelala tu huyu. Hata hasikii." "Amelala kwa sababu maji yamemkimbia. Miezi yote hii anaishi kwa nyama ya mwili wake mwenyewe, anangoja mvua, na wewe unamjia na jembe?"

Laban akacheka, akasema wanunuzi ni wengi. Mwanamke akalikumbatia lile bonge, akaingia nalo ziwani hadi magotini, akalizamisha. Tope likayeyuka polepole. Kwa muda mrefu hakikutikisika kitu. Kisha pua ikachomoza, ikavuta hewa, ikazama. Mwanamke alimgeukia Laban, uso bado umekunjamana. "Sasa yuko macho," alisema. "Mvue."