Mikidadi na Baiskeli Isiyobeba Kitu

Mikidadi ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu, na hilo sitaki kuulizwa mara mbili. Analima mpunga hapa Kiroka, ana mke, ana ndevu, na ana akili ya kifaranga.

Baiskeli ninayoijua mimi inashusha ndizi kutoka Kinole mpaka mjini, mwenyewe anaisukuma kwenye vilima jasho linamchuruzika, na jioni anarudi na chumvi na sabuni. Yeye yake ya namna hiyo aliiuza, akanunua ya magia, matairi manene kama mikate, haina keria, haina kengele. Nikamuuliza, "Hii inabeba nini?"

"Inanibeba mimi, mama mkubwa."

Mzigo gani huo.

Kila mwaka kuna mashindano. Watu wanatoka Dar na Arusha, wanaanzia Bigwa, wanapita hapa kwetu, wanapanda mpaka Kinole, wakifika wanageuza. Wanaume wazima, kaptura zimewabana, vichwani wamefunika mabakuli. Hakuna anayenunua huko hata chungwa. Mikidadi naye akataka kufika Kinole pamoja nao, na hakuwahi kufika. Mwaka wa kwanza alikata mnyororo. Mwaka wa pili wakamkuta Mkuyuni amekaa kando ya barabara, midomo myeupe, akarudishwa na bodaboda, baiskeli imefungwa nyuma kwa kamba. Yaani mwisho wa yote mzigo ukawa ni hiyo hiyo baiskeli.

Akaanza kukonda. Mkewe, Hafidha, akanifuata jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mkubwa, Mikidadi anakojoa damu."

Nikamwita. Hakukataa.

"Ni siti tu," akasema. "Ngumu, inachubua kwa ndani. Wenzangu wote wanasema."

"Wenzako akina nani?"

"Wa baiskeli."

"Wamesomea mkojo lini hao?"

Akacheka. Akaenda kukata kipande cha godoro, akakifunga juu ya siti. Damu inatoka, yeye anashona mto.

Wanaume wa huku ndivyo walivyo. Wakiwa wadogo mmoja akikojoa damu, wenzake wanamwambia amekua, anajiona kidume. Wakishakuwa na wake wanaona aibu, wanatafuta cha kusingizia. Huyu wangu akikifikia kilima kidogo cha msikitini anahema kama mvukuto, uso rangi ya jivu, na bado anasema mwaka huu lazima afike Kinole. Zahanati? "Nikitoka Kinole nitakwenda." Mimi nilijua kwamba akipanda hatarudi. Mlima ule haumwogopi mtu.

Mimi kubembeleza sijui. Nikampelekea salamu Kondo, mtani wetu. Ukoo wao na wetu tunazikana tangu mababu, na mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa wala kumpokonya. Unakigomboa kwa atakachotaja yeye.

Kondo akaja siku moja kabla ya mashindano. Hodi hakupiga. Alimkuta Mikidadi uani anapaka mnyororo mafuta.

"Nimesikia hapa kuna maiti," akasema. "Nimekuja kuchukua changu kabla ndugu hawajagawana."

"Shikamoo, mtani."

"Maiti haiamkii watu."

Akainama, akachomoa gurudumu la mbele, maana magurudumu yale yanatoka kama kizibo cha chupa, akalivaa begani.

Mikidadi akasimama. "Mtani, kesho nina mashindano."

"Na mimi kesho nina mazishi. Nani mwenye shughuli kubwa?"

"Basi taja. Unataka jogoo? Mchele?"

"Mkojo wako. Utie kwenye chupa, uupeleke zahanati mwenyewe, mimi niko nyuma yako. Na wakikuandikia dawa, umeze nikikutazama."

Hafidha akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mikidadi akanitazama. Mimi nikaendelea kupepeta mchele wangu.

Basi mtu mzima akapita barabarani na chupa mkononi, nyuma yake Kondo na gurudumu begani anaomboleza kwa sauti, "Kijana wa watu, kaondoka na siti yake." Kiroka yote ikatoka nje kutazama.

Pale zahanati muuguzi Yustina akaupima ule mkojo, wala hakuzunguka. "Siti haina kosa," akamwambia. "Hiki ni kichocho, kinatoka kwenye maji ya majaruba ya mpunga unamosimama kutwa. Umekaa nacho miaka, na damu yako imepungua. Kesho hupandi kitu."

Akamezeshwa vidonge vikubwa vichungu, akapewa na vya kuongeza damu. Gurudumu likarudi jioni. Kondo akala wali wangu sahani mbili, akaenda zake.

Kesho yake mashindano yakapita hapa mlangoni, na Mikidadi akawatazama huku machozi yanamtoka. Mwanaume mzima analilia kilima. Nikamwambia aingie ndani, anatia aibu.

Majaruba bado anaingia, maana mpunga haujilimi, lakini sasa anavaa mabuti, na nikimwambia akapimwe anakwenda bila kuleta maneno. Mwaka huu akapanda tena. Alikuwa wa mwisho, waliokuwa wakigawa maji walishakunja meza zao. Akanipigia simu kutoka juu.

"Mama mkubwa, nimefika Kinole."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Ukungu tu."

"Umekojoa?"

Akashusha sauti, nadhani watu walikuwa karibu yake. "Nimekojoa."

"Rangi gani?"

"Ya maji, mama mkubwa."

Nikakata simu.