Jani la Isale Mezani kwa Msimamizi

Wasomaji wangu, mniwie radhi kwa mwandiko na tahajia. Niliishia darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu haina haraka. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Palipokosewa, someni nilichotaka kusema.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Nairobi, kwenye supamaketi. Nilitokea Sanya Juu, mlimani Tanzania, miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara na maduka yetu yalipoanza kujaa tena baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Shangazi yangu aliyeolewa Kenya aliniandikisha kwenye chuo kidogo cha biashara ambacho hakikudai cheti cha sekondari. Baada ya masomo ya darasani, kila mwanafunzi alipelekwa dukani kwa mazoezi ya kazi, wenyewe wakiyaita atachimenti. Aliyefanya vizuri aliajiriwa palepale. Hilo ndilo nililolitaka kuliko kitu kingine chochote.

Meneja alinitazama mara moja tu, akasema, "Mpelekeni kwa Msimamizi wa Rafu." Msimamizi aliitwa Mama Njeri, mtu mzima wa rika la mama yangu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, macho chini.

"Hapa tunasema habari," akajibu, na wasichana wa kaunta wakacheka. "Na uinue kichwa, Tanzania. Mteja hanunui kutoka kwa utosi."

Ndivyo nilivyoitwa hadi mwisho: Tanzania. Lakini alinifundisha. Alinifundisha kuvuta mbele, yaani kopo likiondoka unasogeza la nyuma yake hadi ukingoni, rafu isionyeshe mapengo. Alinifundisha kuzungusha mali: maziwa ya jana yakae mbele, ya leo nyuma, ili ya zamani yatoke kwanza. Chumvi huwekwa chini kabisa, kwa kuwa anayeitaka atainama tu. Biskuti huwekwa usawa wa macho ya mtoto. "Mtoto ndiye meneja wa mama yake," alisema. Mimi nilizoea maduka ambayo mnunuzi husimama nje ya kaunta akiomba. Kuona watu wanajichukulia wenyewe, bila kuomba, kulinifurahisha kila siku.

Asubuhi moja nilikosea maziwa. Niliweka mapya mbele. Mama Njeri akanikaripia wateja wakisikia.

"Tanzania! Umelala? Ama kwenu hata ng'ombe wanapanga foleni?"

Watu wakacheka, hata mteja aliyeshika pakiti. Sijui ulimi niliutoa wapi siku hiyo.

"Kwetu mtu mzima hafoki kama mlevi," nikamjibu.

Kicheko kikakatika. Mama Njeri akayapanga maziwa mwenyewe, polepole, na hakuniita tena siku ile. Kesho yake pia hakuniita.

Huku kwetu mlimani, neno kama hilo kwa mtu wa rika la mama halifutwi kwa mdomo. Unakata jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akishaliona, hana budi kusamehe. Hata ugomvi wa damu huishia hapo. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, jani hilo ni neema, maana linasema badala yako. Na dukani yalikuwapo! Karibu na mlango kulikuwa na masale kwenye vyungu, yakiuzwa kama mapambo ya ofisi. Wakati wa chakula cha mchana nilikata jani moja, nikalifunga, nikaliweka mezani kwa Mama Njeri. Nikarudi kwenye makopo yangu moyo umetulia.

Utulivu huo haukukaa sana. Soja wa mlangoni aliuona mmea uliokatwa. Mama Njeri aliliona fundo, akapiga kelele.

"Nani ananiwekea dawa? Nani?"

"Ni Tanzania," akasema keshia mmoja. "Nimemwona."

Tukaitwa kwa Meneja. Akalishika jani kwa ncha za vidole. "Umeharibu mali ya duka na umemtisha mfanyakazi. Hii ni nini?"

Nikatazama viatu vyangu.

Ndipo Mama Njeri akanisogelea. Sauti ya kuita ng'ombe haikuwapo tena. "Msichana wangu, sema tu. Sema chochote, nitakuamini."

Hakuwahi kuniita hivyo. Na maneno hayakuwa mengi: mama, nilikuwa naomba msamaha. Badala ya kuyatoa, nikalitazama jani. Nililelewa nikiamini kwamba jani likishawekwa, mdomo hunyamaza. Mimi nilingoja alielewe jani, yeye alingoja niseme. Meneja hakungoja. Jioni nilirudisha aproni.

Nilirudi Moshi bila cheti. Nikaajiriwa kwa tajiri mmoja Mhindi, mwenye duka la jumla karibu na soko. Alipoona nilivyovuta mbele, alicheka: "Binti, makopo yako yamesimama kama kwaya!" Baadaye nikafungua duka langu Njoro, hapo hapo Moshi, nikaliendesha mpaka magoti yalipokataa. Wasichana wengi walipita mikononi mwangu. Niliwafundisha rafu kama nilivyofundishwa, na waliponisikia nikisema, "Mteja hanunui kutoka kwa utosi," walidhani ni msemo wangu.

Sasa nipo nyumbani kihambani. Masale yamezunguka pande zote, mengi kuliko ninavyoweza kupogoa, na sina njia ya kumfikishia Mama Njeri hata jani moja. Kazi nilipata nyingine. Yeye sikumpata tena. Kama yu hai, ni mzee sana, na labda bado anawasimulia wajukuu kuhusu msichana wa Tanzania aliyetaka kumroga kwa ajili ya maziwa.

Kama kati yenu yupo anayemfahamu, au aliyefanya naye kazi, ninaomba aniandikie kupitia wachapishaji wa kitabu hiki. Mwandiko wowote nitausoma. Lakini kabla hujaniandikia mimi, mwendee yeye kwanza. Inua kichwa, umwambie halikuwa dawa.