Siku Niliyoosha Korosho za Baba Mkwe

Jumanne, 21 Novemba 1972. Asubuhi mawingu, mchana jua la kuchoma, upepo hakuna kabisa.

Naandika haya nikiwa na aibu ambayo sijui nitaipeleka wapi, na kama kuna mahali nimejipendelea katika kueleza basi mnisamehe, maana shule yangu iliishia darasa la sita na kichwa leo hakijatulia.

Wiki nzima ghalani kwetu tulikuwa tunajiandaa kumpokea mnunuzi kutoka India, kule zinakopelekwa korosho zetu ghafi kila msimu, na Bwana Katibu wa ushirika alitukusanya akasema nchi zetu mbili ni marafiki, sote tulitawaliwa na Mwingereza na sote tukamtoa, wao wanachagua viongozi wao kwa kura na sisi vilevile, kwa hiyo mgeni asione doa lolote. Akaniagiza mimi, karani wa ghala, nichague gunia moja la mfano la kuweka mezani, mbele ya bendera mbili.

Nikachagua gunia la baba mkwe wangu, Mzee Chitanda. (Sikumpendelea. Nilipasua korosho kutoka magunia kumi na mawili, na zake ndizo zilikuwa nyeupe kuliko zote, ingawa leo hata hilo nalitilia shaka.) Mzee alivuka Ruvuma na watoto wake akiikimbia vita ya Mreno, na miaka yote hii anauza korosho kwa kadi ya jirani, kwa kuwa yeye si mwanachama. Safari hii kamati ilimwahidi kwamba mgeni akiliridhia gunia lake, atakabidhiwa kadi yake mwenyewe palepale, mbele ya watu.

Ingeishia hapo ningekuwa salama. Lakini Jumapili mchana nikazitazama zile korosho, nikaona zina vumbi jekundu la shamba, nikajiambia mgeni ametoka mbali namna ile, tutampaje kitu kichafu? Nikazimimina kwenye pipa la maji pale bombani, nikaziacha zilowe tope litoke, nikazisugua kwa gunzi, nikazianika mpaka jioni. Ziling'aa kama viatu vya askari. (Mimi ni mtu wa bara, kazi yangu kalamu na mizani, korosho sijawahi kulima hata mche mmoja. Nasema hivyo si kwa kujitetea, au labda najitetea.) Mke wangu, Amina, alipita akaniuliza, "Baba, unaosha korosho au unaosha vyombo?" Nikamwambia aniachie kazi yangu. Nikazirudisha guniani, nikashona mdomo.

Leo saa nne mgeni akafika, mtu mpole, mwembamba, ana miwani. Hotuba zikasomwa, undugu ukatajwa mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Baba mkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevaa koti lake moja, na miguuni ana jogoo aliyemfunga kamba, wa kusherehekea kadi.

Mgeni akafungua gunia, akachukua korosho moja, akaitikisa sikioni. Kimya. Akatikisa nyingine. Korosho iliyokauka hulia ndani ya ganda, hilo hata mimi nalijua, na zile hazikulia. Akapasua kwa kisu, akabonyeza kiini kwa kidole, kikabonyea kama muhogo uliochemshwa. Akanusa, akasema maneno machache ya Kiingereza, na Bwana Katibu akayatafsiri kwa sauti ya chini: zimetiwa maji.

Hapo ndipo nilipozidi kuharibu. Nikaruka nikasema lipo gunia jingine, kavu kabisa, nililete? Katibu akanigeukia. "Kumbe ulijua hili si kavu?"

Watu wakaanza kunong'ona, na mmoja nyuma akasema wazi, "Hao wa ng'ambo ya Ruvuma ndio zao, wanatia maji kuongeza uzito." Baba mkwe alinitazama mimi tu, na mimi nikatazama bendera. Halafu nikasema, "Ni mimi. Niliziosha."

"Uliziosha?"

"Zilikuwa na vumbi, Bwana Katibu."

Ghala zima likacheka, mpaka wapagazi. Mtu akaniita dobi, na naona jina hilo nitazeeka nalo. Lakini Katibu hakucheka. Akasema, "Mkwe wako, lazima utamfichia," na nilipoapa, wakacheka zaidi. Simlaumu sana. Ningekuwa yeye, nami nisingeamini kwamba karani mzima ameosha korosho.

Mgeni naye alitenda haki. Alikagua magunia mengine, akayakubali yote, wakasaini, wakapeana mikono, wakapigwa picha. Urafiki wa nchi mbili haukupata hata mkwaruzo. Kadi ya baba mkwe Katibu akairudisha mfukoni, akasema litazungumzwa msimu ujao.

Nje nilimfuata mzee nikashindwa hata kumwamkia. Akanikabidhi ile kamba ya jogoo. "Ungeniuliza, mkwe," akasema. "Ningekwambia." Nikamsihi aje kwetu Rahaleo ale, akasema njia ni ndefu, akaondoka kwa miguu na koti lake mkononi.

Sitagusa tena kazi ya mkono wa mtu kwa kuipendezesha bila kumuuliza mwenyewe. Na siku nyingine nikiwa na neno la kusema, nitalisema kabla ya kutazama bendera.

Amina hakutaka kumchinja jogoo. Tumekula ugali wa muhogo na kisamvu, naye jogoo amefungwa mguuni mwa meza, anaokota tunachodondosha.