Ego Niliyoiandika Mimi

Kabla ya chuo nilikuwa polisi mwenye mkono mwepesi. Pale kwenye kizuizi cha barabarani Gitaza kofi langu lilitangulia swali, na sijivunii hilo. Kisha nikasoma sheria Bujumbura, jioni baada ya zamu, nikatoka na diploma. Walitufundisha kwamba mtuhumiwa hapigwi. Anahojiwa, na jibu lake linaandikwa jinsi lilivyo. Wenzangu wakaanza kuniita profesa. Nami, mjinga mimi, nikavimba kichwa.

Nikahamishiwa Rumonge, nikapewa kazi ya kuhoji. Siku moja akaletwa mama mjane anayeanika ndagala, dagaa wa ziwani, huko Gitaza, ninayemfahamu tangu enzi za kizuizi kile. Nyavu za wizi zilikutwa nyuma ya nyumba yake. Nilimpa kiti, nikamwita Madamu, nikamsomea tuhuma kwa Kifaransa changu kipya, kisha nikamfasiria harakaharaka kwa lugha yetu. Kila nilipotua aliitikia, "Ego."

Kwetu nani asiyejua? Ego ni ndiyo, lakini mbele ya mkubwa ni adabu tu: nakusikia, endelea. Mama yangu huitika hivyohivyo hata pale asipokubali neno lolote. Nilijua hayo kabla ya kujua kusoma. Hata hivyo niliandika, kwa Kifaransa kisicho na kosa, kwamba anakiri yote. Akabonyeza kidole gumba chini ya maneno asiyoweza kuyasoma, wakampeleka gerezani.

Binti yake ndiye aliyenizindua. Alikuja kuuliza kwa nini mama yake akiri nyavu zilizoachwa na mpangaji aliyekwisha kutoroka. Nilijionea aibu hadi masikio yakawaka. Nikaenda kwa mwendesha mashtaka kusema kosa ni langu. Akacheka. Akaniambia hajapata kuona PV, yaani hati ya mahojiano, iliyoandikwa vizuri kama ile, na sahihi ni yangu, basi nisijiharibie kazi.

Hadi leo mama yule anasubiri kesi. Nilikwenda kumwona, nikamweleza kila kitu bila kuficha, nikamwomba msamaha. Hakulia wala hakunitukana, heri angenitukana. Alisema polepole:

"Mutoto wangu, mbele ya kusoma ulikuwa unatupigaka. Lakini ulikuwa unatusikiaka."