Mshono wa Kwao

Alipoolewa, fundi wa kudarizi alikuja na sanduku moja, na ndani yake foronya sita alizoshona na mama yake mzazi. Pembezoni mwa kila foronya ulipita mshono wa kwao: mstari mwekundu mnene, uliopanda na kushuka kama vilima vinavyofuatana. Wiki ile ile mama mkwe alizitandaza kitandani, akazitazama kwa muda mrefu.

"Nyoka hawa wa nini?" akauliza.

"Ndivyo tunavyoshona kwetu, mama."

"Kwenu ni kwenu. Nyumba hii ni ya maua. Mtu akiona pazia letu dirishani anajua wanaokaa humu ni akina nani. Zifumue."

Akafumua zote sita, uzi kwa uzi, mumewe akisoma gazeti kando yake kama vile hayamhusu. Husemwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini yeye hakuacha kitu, alifumulishwa. Matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa, na juu yake akajifunza maua: petali tano, jani kulia, jani kushoto. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Haukupita muda mrefu, mtaa mzima ukawa unamletea mashuka na vitambaa vya meza. Wateja walimwambia mama mkwe, "Mkaza mwanao anashona kama mzaliwa wa humu." Naye akajibu, "Nimemfundisha mwenyewe." Fundi aliinamia kazi yake.

Mama yake mzazi alifariki katika miaka hiyo. Fundi alirudi kutoka mazishini mikono mitupu, maana dada yake mkubwa alikwisha kugawa kila kitambaa. "Wewe una maua yako," aliambiwa.

Mwaka wa ishirini na sita wa ndoa, macho ya mama mkwe yalififia, kisha yakazima kabisa. Mwanamke ambaye hakuna doa lililompita akawa anavaa gauni nje ndani. Asubuhi moja fundi alimkuta ameketi kitandani, mashuka yamejaa mapajani, akiyapapasa moja moja.

"Maua yamelala," mama mkwe akasema. "Nikigusa, yote sawa. Sijui shuka langu lipi, wala upande wa kichwa ni upi. Mshono ule wa kwenu ulikuwa na mgongo. Niliupitishia kidole siku ile, kabla sijakwambia ufumue."

Fundi alisimama na beseni la nguo mkononi. "Nimeusahau, mama."

"Hujausahau."

Lakini kweli alikuwa ameusahau. Mchana alipojaribu, kila mstari ulijikunja ukawa petali. Akafumua, akaanza upya, akafumua tena. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akampigia simu dada yake, ambaye tangu mazishi alikuwa akisalimiana naye tu.

"Tatu mbele, moja nyuma, ndipo uvute," dada akasema. "Mama alikuwa akihesabu kwa sauti, na wewe ukimkatiza makusudi." Wote wawili walicheka.

Fundi akashona shuka, foronya, taulo, na ukosi wa gauni kwa ndani. Mama mkwe alipitisha kidole kwenye pindo mpaka mwisho.

"Nilikukosea, mwanangu."

Adabu ilimtaka fundi aseme yamekwisha. "Ndiyo, mama," alijibu. "Ulinikosea."

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Baadaye akanyoosha mkono. "Niwekee sindano hapa. Nionyeshe unavyohesabu."

Aliishi miaka mitatu zaidi, na vilima vya mshono wake havikulingana hata siku moja. Alipofariki, binti yake, wifi wa fundi, aliyekuja kukusanya nguo aliomba foronya moja ya vilima. Fundi akampa mbili. Wateja bado wanataka maua, na fundi anawashonea kwa moyo mweupe, maana naye ameyazoea na kuyapenda. Siku hizi dada yake huja kumtembelea. Hukaa mlangoni na vitambaa vyao, wakibishana kama mama yao alikuwa akitumia uzi mmoja au miwili.