Bega la Kushoto

Fundi wa meza ya mbele tulimwita Taratibu, na jina hilo alilipata kwa haki. Mimi ndiye ninayetoboa matundu ya vifungo kwenye chumba hichohicho, kando ya pazia la kupimia nguo, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Na niseme mapema kwamba sina subira kama yake. Mimi nikitaka jambo nalitaka leo, likishindikana nanuna, kesho nimesahau. Yeye alilikata jambo vipande vipande kama kitambaa. Anashona kimoja, anakipiga pasi, ndipo anagusa kingine.

Alichokitaka ni duka la mtandaoni. Si duka la kila kitu. Gauni moja tu, la mama anayenyonyesha, alilolibuni wakati mwanawe wa mwisho akinyonya hapahapa kwenye cherehani. Kwa mbele lina mkunjo, na chini ya mkunjo kuna mpasuo, mama anamnyonyesha mtoto mbele za watu na hakuna anayeona kitu. Nilimshauri aongeze sketi, na sare za shule, na mapazia, tutajirike mara moja. Akanijibu kwamba lengo lake ni lile analoweza kulimaliza kwa mikono yake na muda alionao, mengine ni kujichosha bure. Kwanza picha nzuri. Halafu simu yenye kamera, maana aliyokuwa nayo ilikuwa ya vitufe na kioo kimepasuka. Akishaizoea simu, ndipo afungue ukurasa. Karatasi za kukatia, zile zinazolazwa juu ya kitambaa kuongoza mkasi, za wateja wa kila umbo, angezichora mwishoni, akiwa tayari kupokea oda.

Kwenye picha ndipo alipoingia wifi yake, dada wa mumewe. Gauni likitundikwa ukutani halimvutii mtu, linataka mwili, na wifi alikuwa nao, pamoja na simu nzuri na tabasamu la kukuuzia hata maji ya bomba lako mwenyewe. Bega lake la kushoto limeshuka kidogo, amezaliwa hivyo, na ukimtazama hivihivi hulioni. Fundi aliliona. Akachora karatasi ya kukatia inayolifuata bega lile, ili gauni likae sawa pichani. Karatasi yenyewe ilikuwa mfuko wa saruji. Mumewe ni mwashi, na kila mifuko ilipoisha kazini alimletea mmoja, naye anaukung'uta, anaufuta, anaupiga pasi. Alipomaliza kuchora aliilaza chini ya godoro lao isije ikajikunja.

Siku ya picha tulicheka sana. Wifi alijigeuzageuza dirishani akimwita fundi wifi yangu kipenzi, na mimi nilishika pazia ili mwanga uingie. Baada ya hapo akawa mtu wa shughuli nyingi. Ukimuulizia picha, anasema zipo, zinangoja simu mpya. Basi Taratibu akaendelea kudunduliza pesa za simu.

Mama wa kwanza nilimpokea mimi, Taratibu akiwa amekwenda kununua uzi. Alilalamika kwamba gauni la kunyonyeshea alilolinunua kwingine linamlalia upande. Nikalitia kwenye kapu la marekebisho bila hata kulikunjua, si unajua tena, kazi zilikuwa zimenizidi. Wa pili alipokuja na lalamiko hilohilo, fundi alikuwepo. Akamvalisha, akazunguka nyuma yake, akaweka kiganja juu ya bega la kushoto kama anavyofanya kwa kila mteja. Kiganja hakikuondoka. Bega la yule mama lilikuwa sawa kabisa, gauni ndilo lililoshuka. Akaenda kwenye kapu, akatoa lile la kwanza, akayalaza yote mawili mezani. Yalifanana kama pacha, kushoto kumeshuka.

"Dada," akaniambia, "bega hili nalijua."

Akamwomba yule mama amwonyeshe alikolinunua. Kwenye simu tukamwona wifi akicheka kwenye dirisha letu. Pembeni lilionekana pazia, na vidole vyangu vimelishika. Chini ya picha ameandika kwamba ubunifu ni wake mwenyewe, na kwamba oda ni nyingi, watu wawahi.

Mimi nilitaka tufunge chumba twende palepale, na maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tele. Taratibu akanyoosha kwanza mabega ya magauni yote mawili, akawapa wenyewe, ndipo akavaa viatu.

Wifi hakukana. Tulimkuta kati ya mafurushi ya nguo alizoshonewa na mafundi wengine, akasema kwa kweli alistahili shukrani, maana gauni sasa linajulikana.

"Wifi, wewe ulikuwa unapanga," akamwambia Taratibu. "Mimi nimeanza."

Taratibu aliuliza jambo moja tu, karatasi ilitokaje chini ya godoro. Wifi akainamia simu yake.

"Muulize kaka."

Nilimwona Taratibu akikaa juu ya furushi bila kukaribishwa.

Jioni mumewe alipopita kumchukua, Taratibu alimuuliza mbele yangu. Mume alikiri kwamba ndiye aliyeitoa. Dada yake alikuja analia hana kazi, akamwonea huruma, akadhani wenyewe watagawana faida. Kisha akaongeza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma:

"Mke wangu, si ni mfuko wa saruji tu?"

Kuibiwa na wifi kunauma, lakini kunasimulika. Hili la mume hakulisimulia hata kwa mama yake mzazi. Alinililia mimi, uso ameuzika kwenye rundo la vitambaa, akasema kila asubuhi alitandika kitanda kile akijua karatasi yake ipo chini, na mume amesimama hapo anafunga vifungo vya shati, anamtazama anavyotandika.

Lengo hakuliacha. Alinunua karatasi yake dukani, akachora upya, safari hii kwa maumbo yote. Mumewe akaleta mfuko wa saruji aliokwisha kuufuta mwenyewe, akauweka mezani. Taratibu akautandika mlangoni, ukawa wa kupangusia miguu, na kila asubuhi nami naukanyaga kwa moyo mmoja.

Simu ilipopatikana alivaa gauni yeye mwenyewe. Mumewe akasimama mlangoni akaomba aishike yeye, ampige picha.

"Hapana," akamwambia. "Nimeitegesha ijipige yenyewe."

Akaiegemeza kwenye kopo la vifungo vyangu, akarudi dirishani, akasubiri. Picha hiyo ndiyo ya kwanza kwenye ukurasa wake mpaka leo. Gauni limekaa sawa mabega yote mawili, na aliyelivaa hacheki.