Njuga ya Mguu wa Kushoto

Nikikumbuka siku ile moja ya Nansio, mwanangu, hucheka kwanza, kisha naona haya. Keti hapo nikusimulie, na huo mguu unaouficha chini ya kanga unyooshe tu. Nimeuona tangu ulipoingia mlangoni, mwalimu mwenzangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Kwa mkulima huo ni ujana mtupu, lakini kwa mcheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, jua limeshaanza kushuka. Nilianza kucheza nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jembe nililirusha juu, likazunguka mara mbili hewani, nikalidaka kwa mpini bila kulitazama. Watu wa Igoma walisema Kabula ana macho kisogoni. Sifa hizo ni tamu, na ndizo zilizoniharibu.

Goti la kushoto lilikuwa limeanza kunisumbua. Daktari aliniambia waziwazi kwamba gegedu limelika, niache kurukaruka. Nikamshukuru, nikatoka, nisimwambie mtu. Na wakati huohuo mwalimu wetu wa kikundi alihamia Sengerema kwa wanawe, nikakabidhiwa wasichana wanane niwafundishe. Ualimu niliukubali kwa mdomo tu. Moyoni niliogopa kwamba siku nikivua njuga miguuni nitakuwa mama wa kawaida anayeuza dagaa sokoni, nikipita hakuna anayegeuka. Si kwamba nadharau dagaa. Mama yangu alitulea kwa dagaa haohao. Ila kiburi hakikumbuki kililelewa na nini.

Basi nikalifunga goti kwa kitambaa, nikavaa vazi refu juu yake, nikasimama mbele ya wale watoto na kuwapa mgongo. "Nifuateni," nikasema. Wakanifuata. Mwaka mzima tulifanya hivyo, na mimi nikajiona mwalimu hodari.

Ndipo tukaalikwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye mashindano ya vikundi vya ngoma. Ngoma kuu ilipigwa na mzee Masanja, aliyekuwa akiipiga tangu kabla sijazaliwa. Macho yake yalishafifia, lakini masikio yake, we acha tu. Tulianza vizuri. Tulipofika mahali pa kurusha majembe, nikasikia nyuma yangu kishindo kisichotakiwa kusikika. Jembe la Minza, msichana wangu bora kuliko wote, lilikuwa limechimba chini, shubiri moja kutoka vidole vyake vya mguu.

Kisha bibi mmoja Mkerewe, aliyekaa mstari wa mbele, akauliza kwa sauti, "Jamani, hawa watoto wote wamechomwa mwiba mguu mmoja?"

Watu wakaangua kicheko. Sikumwelewa yule bibi, wala sikutaka kumwelewa. Nilimgeukia Minza, nikamgombeza mbele ya wenzake mpaka akashindwa kuinua uso. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko goti lenyewe.

Tukiwa melini kurudi Mwanza, mzee Masanja aliniita nikae karibu naye.

"Ng'wana wane," aliniambia kwa Kisukuma chetu, yaani mwanangu, "yule mtoto mwache. Kosa si lake. Leo nimesikiliza njuga zenu. Za kulia zinalia kwa wakati. Za kushoto zinachelewa, zote tisa. Ya kwako naijua, ina mwaka inachelewa. Sasa hizo nane zimetoka wapi?"

Nikalivuta vazi langu, nikafunika goti.

"Umewafundisha kuchechemea, Kabula. Wanadhani ni hatua, na mguu ukichelewa, mkono nao unachelewa kulidaka jembe."

Nilitaka kubisha, lakini hakunipa nafasi. "Na mimi nina langu la kutubu. Mwaka mzima nimekuwa naichelewesha ngoma kidogo, ikusubiri mguu wako. Nilikuonea huruma. Leo huruma yangu nusura imkate mtoto wa watu mguu."

Nililia palepale, mwanangu, mbele ya abiria na kuku wao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na njuga za watoto wanane wenye miguu mizima.

Jumamosi iliyofuata nilifika mazoezini na kigoda. Nikaketi nikiwatazama wote, nikakifungua kile kitambaa, nikawaonyesha goti lilivyovimba. Nikamwomba Minza radhi mbele ya walewale waliosikia nikimgombeza.

Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo ile ya kuvuta mguu si mtindo, dada?"

"Si mtindo, mdogo wangu. Ni goti."

Tulicheka hadi mzee Masanja akaangusha kirungu chake cha kupigia ngoma. Kisha akaipiga ngoma kwa mwendo wake wa zamani, usiomsubiri mtu. Na mimi, niliyeicheza kwa miaka ishirini na nne, siku hiyo ndiyo nilipoiona ngoma yetu. Fikiria! Nilikuwa mbele siku zote, nimeipa mgongo. Kutoka kwenye kigoda niliona nani anabana pumzi, nani anamtegea mwenzake, nani analiogopa jembe. Njuga zangu nilimfunga Minza kwa mkono wangu. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Kwa muda mrefu ngoma ikilia miguu yangu ilitikisika yenyewe chini ya kigoda, kana kwamba haijapewa habari. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sasa nakuusia. Mguu wako ukiuma, sema mapema, kabla haujawa somo la wengine. Anayekufuata hachagui; huchukua mwendo wako pamoja na kilema chako. Ukiona watu wanakupunguzia mwendo kwa huruma, washukuru, kisha waambie wasikusubiri. Na siku ya kuketi ikifika, usiketi kama aliyefukuzwa. Keti utazame, kwani kuna mambo ya kazi yako hutayaona mpaka utoke katikati yake.

Kesho mazoezini usivae njuga. Njoo na kigoda. Changu ni kidogo, hakitutoshi wawili.

Mungu akuponye mguu huo, mwanangu. Na usipopona, akupe macho ya kuwaona wanaokufuata, na mikono isiyotetemeka utakapowafunga njuga.